Pointi Kumi na Saba za Falonne

Kila asubuhi Mwadi na jirani yake Falonne walitoka pamoja kwao Dilala, wakikwepa pikipiki za taksi na vumbi la malori ya shaba, mpaka shuleni. Walikuwa darasa la sita. Mwadi ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta, kwa kuwa mwalimu Tshiamala alimwona mwepesi wa kuelewa. Mwepesi alikuwa kweli, ila sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa.

Alhamisi moja mwalimu aliwaita wanafunzi ubaoni mmoja mmoja kufanya hesabu, akawa anaingiza pointi zao moja kwa moja kwenye kompyuta. Mara akapigiwa simu kwamba kuna msiba wa mkwewe huko Kisenge. Akiwa mbioni kuondoka, aliona pointi mbili zimepishana: kumi na saba za Falonne ziko kwa Kalumba, na tisa za Kalumba ziko kwa Falonne. Alimwomba Mwadi azibadilishe kwa programu waliyojifunza, akamkumbusha asisahau kisanduku cha tatu, kile cha kuwekea pointi moja kwa muda wakati wa kubadilishana.

Kisanduku cha tatu! Kwa Mwadi hicho kilikuwa cha wazito wa kuelewa. Aliandika mistari miwili tu. Wa kwanza: Kalumba achukue pointi za Falonne. Wa pili: Falonne achukue pointi za Kalumba. Akahifadhi, akafunga mlango bila hata kutazama.

Jumatatu Mama Brigitte, mkuu wa shule, alisoma mbele ya wote majina ya watakaokwenda Lubumbashi kwenye mashindano ya hesabu, kufuatana na pointi zile. La Falonne halikuwemo. Mwadi alikimbilia kompyuta, akafungua orodha. Falonne tisa, Kalumba tisa. Mstari wa kwanza ulikuwa umeweka tisa juu ya kumi na saba, na wa pili ukairudisha tisa ileile. Zile kumi na saba hazikuwa popote tena.

Angesema siku hiyohiyo, yangekwisha. Lakini aibu ilimfunga mdomo. Yeye, Mwadi wa kompyuta, ashindwe na mistari miwili? Siku ya tatu, wakirudi nyumbani, Falonne alimwambia kwamba labda hesabu si zake, na kwamba baba yake alimgombeza akidhani alikuwa akicheza darasani. Mwadi aliangalia vidole vya miguu yake. Jioni hiyo alijichukia kabisa.

Majina yalikuwa yapelekwe Alhamisi saa sita. Asubuhi ya siku hiyo, Mama Brigitte alipoingia darasani, Mwadi alisimama.

"Mama, Falonne hakushindwa. Mi njo niliharibisha pointi yake. Alikuwa na kumi na saba. Nilijua tangu lundi, siku ile majina yalisomwa, nikanyamaza."

Mama Brigitte alimpigia simu mwalimu Tshiamala, naye akathibitisha. Kisha Mama Brigitte akamtaka Mwadi aandike ile mistari miwili ubaoni, aulize darasa kasoro iko wapi. Aliyenyoosha mkono ni Kalumba, mwenye tisa zake halali, ambaye baba yake anachimba mawe huko kwenye machimbo ya Mashamba.

"Ukitaka kubadilisha mawe ya mifuko mbili," alisema, "ya kwanza unamwaga kwanza pa turubai. Ule mufuko ukibakia wazi, njo unatia ya pili, na ile ya turubai inaenda kwa mufuko wa pili."

Darasa likacheka, na masikio ya Mwadi yakawaka moto. Kalumba akawa anasema, Mwadi anaandika: kisanduku kichukue pointi za Kalumba, Kalumba achukue za Falonne, Falonne achukue za kisanduku. Mistari mitatu, na kila pointi ikakaa kwa mwenyewe.

Falonne hakufurahi kama alivyotazamiwa. "Siku tatu ulitembea na mi," alimwuliza Mwadi, "na ulikuwa unajua?"

Mwadi aliitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka.

"Kukosea kila mtu anakosea, mwanangu," alisema Mama Brigitte. "Mwalimu alikuonyesha njia ukaidharau, hilo nalo limepita. Ila ulipoficha kosa lako, mwenzako ndiye aliyebeba aibu yako. Jina lake litakwenda Lubumbashi leo. Lakini baba yake bado anaamini mtoto wake alikuwa akicheza, na hilo kompyuta haiwezi kulitengeneza. Utakwenda wewe."

Mchana huo Mwadi alikwenda kwa kina Falonne. Alipiga hodi, akamwamkia baba yake Falonne, akakataa kiti alichopewa, na akaeleza yote tangu mwanzo akiwa amesimama.