Barua Ndani ya Soksi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi ndani ya mfereji wa umwagiliaji, nje kidogo ya mji wa Kasese. Walioiona ni wanawake waliokuwa wakienda kupalilia mahindi. Polisi walipofika, Jumatatu saa mbili asubuhi, nusu ya mji ilishasimama pale, kila mmoja na habari yake: kagongwa, alikuwa mlevi, kaiba samaki wa watu kule ziwani Katunguru.

"Rudini nyuma!" Sajini Kosiya alifoka. "Mumeona sinema hapa?"

Inspekta Rusi Ampeire alichuchumaa. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Shingoni, alama ya kamba. Mifukoni, hakuna simu wala kitambulisho. Chini ya kucha kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu kama jiwe.

"Saruji," alisema daktari wa polisi. "Imeganda baada ya kuingia maji. Huyu hakuuawa hapa. Alipigania roho yake mahali penye saruji."

Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Ndani ya soksi, kwenye mfuko wa nailoni, Ampeire alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya barua ya uhamisho. Nobert Kathembo, mwanafunzi wa ualimu, anahama kutoka chuo cha Bwera kwenda chuo kimoja cha binafsi mjini Kasese. Tarehe ya barua: Januari 2015, mwezi mmoja uliopita.

"Jina tumepata," alisema Kosiya.

Hawakuwa wamepata kitu. Msajili wa chuo alifungua faili, akawacheka.

"Nobert Kathembo yuko darasani sasa hivi. Mmenitia presha bure, afande."

"Hii picha kwenye faili aliileta nani?"

"Mwenyewe, siku ya kuripoti. Barua haikuja na picha."

Kijana aliitwa. Shati limenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Jina?"

"Nobert Kathembo, afande."

"Kwenu?"

"Bwera. Lakini nimekulia hapa Kasese."

"Nakala ya barua yako imefikaje kwenye soksi ya maiti?"

"Niliibiwa begi stendi. Labda huyo ndiye mwizi."

"Uliripoti?"

"Begi tu, afande. Nani angenisikiliza?"

"Kwa nini ulihama chuo?"

"Kule hakuna mwalimu wa fizikia. Na nyumbani mimi ndiye mvulana wa kwanza. Nikichelewa kumaliza, mama anaumia."

Ampeire aliandika. Yeye alikuwa Mnyankole wa Bushenyi, mgeni wa mila za huku. Kwake jibu lilikuwa la kawaida, hata la kusikitisha. Kosiya alikohoa, akamvuta nje ya mlango.

"Afande, ule mutu anadanganya."

"Umejuaje?"

"Mimi ni Mkonzo. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale. Kathembo ni wa tano. Hata mutoto wa kunyonya kule Bwera anajua hii."

"Hakuna mzazi anayekosea?"

"Mama gani anasahau amezaa wangapi?"

Waliacha askari wawili wamlinde kijana, wakashika barabara ya Bwera.

Mama Marita, mzazi wa Nobert, aliwatokea mlangoni kwa magongo, mguu mmoja bado una plasta.

"Nobert iko Kasese, iko kwa masomo," alisema kabla hawajaketi. "Alitoka hapa jana."

"Jana? Si alihamia mwezi uliopita, mama?"

"Ah, nilianguka, nikavunjika. Kaka bake bakubwa bane, bote beko Congo. Nobert akabaki kunihudumia. Lakini chuo kilisema asiporipoti wiki ile, nafasi inapotea. Akapatia rafiki yake barua, amuripotie. Yeye akabaki na kopi."

"Rafiki gani?"

"Oryem. Walijuana kwa kwaya. Mama yake anakaa kwa nyumba za wafanyakazi wa saruji. Alikuja hapa, akakula kwangu. Akasema, mama, nitamushikia nafasi."

Ampeire alitoa ile nakala. Marita aliitambua kabla haijakunjuliwa.

"Mimi ndiye nilimwambia aweke kwa soksi. Stendi ya Kasese iko na wezi."

Kisha akamwona Kosiya anavua kofia. Akaingia ndani, akawatolea picha ya Nobert.

Jioni ile, kituoni, Ampeire aliweka mezani, mbele ya kijana yule, picha aliyopewa na mama.

"Oryem," aliita, taratibu.

Kijana aliinua kichwa. Alipogundua ameitikia, alikiinamisha tena.

"Mama Marita anasema ulikula kwake."

Kosiya alitayarisha kalamu.

"Nilifeli mtihani wa kuingia chuo mara mbili," Oryem alianza. "Nilikuwa mpakiaji wa saruji. Siku ya kuripoti sikuwa nimepanga kitu, naapa. Msajili aliniuliza, wewe ndiye Kathembo? Nikasema ndiyo. Akasema, lete picha."

"Halafu?"

"Nikamwambia mama nimepata chuo. Alipiga vigelegele, akaalika majirani wote. Tangu siku ile hata wazee wananiita mwalimu."

"Nobert alipokuja?"

"Alikuwa anacheka, afande. Ana begi lake. Akasema, asante ndugu yangu, sasa nirudishie jina langu. Nikamsihi aombe uhamisho kwingine. Akadhani natania. Nikamwambia barua iko kwenye ghala la saruji, twende. Kamba ya turubai ilikuwa pale pale, juu ya mifuko."

"Alisema nini?"

"Aliniita kwa jina langu. Oryem, Oryem. Mpaka mwisho."

Kalamu ya Kosiya ilisimama.

"Maiti?"

"Nilimpeleka na mkokoteni wa saruji, nikamfunika na mifuko mitupu. Watu walinisalimia njiani."

Ampeire alifunga jalada. Kitu kimoja kilikuwa bado kinamkera.

"Ulikariri jina, kijiji, mpaka fizikia. Mbona ulisema wewe ni wa kwanza?"

"Hilo sikukariri, afande. Ndiyo kweli yangu. Kwetu mimi ni wa kwanza, na ni wa mwisho. Mama hana mwingine."

Mapokezi, mwanamke mwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa alikuwa akimuuliza askari wa zamu kama mwalimu ameshamaliza kuzungumza na wakubwa, maana chakula kinapoa.