Kopo la Uvunguni na Ukuta wa Kijidudu

“Tandika nzima hakuna anayejua dawa kama mie,” Bi Mwanabaraka alipenda kusema. “Ila majina yake tu ndiyo siyajui. Na kazi zake.”

Alizijua kwa rangi. Jirani akipata nafuu kabla ya kumaliza dozi, vidonge vilivyobaki alimletea yeye. Naye alivitia kwenye kopo la maziwa, uvunguni mwa kitanda. Mwenye jipu, mwenye jino, mwenye tumbo, wote aliwatibu kwa kopo hilo.

Mwaka 1993 mjukuu wake, Shamimu, aliugua nimonia. Zahanati walimpa amoksilini: kutwa mara tatu, siku saba. Siku ya tatu homa ilishuka, mtoto akaomba chapati. Bibi akafurahi. Vidonge vilivyobaki vikaingia koponi.

Siku ya sita homa ikarudi. Shamimu alihema kwa shida, mbavu zikibonyea. Bibi akambeba mgongoni mpaka zahanati, kanga moja huku, kandambili kule. Dozi ikaanzwa upya.

Jioni Nesi Atuganile, jirani yao, alikuja kumwangalia. Uani, fundi Mwinshehe alikuwa akijenga ukuta wa kugawa chumba, vipatikane viwili vya kupangisha.

“Bibi, kwa nini mliacha dawa?”

“Si alishapona?”

“Alipata nafuu tu. Mtazame fundi. Kijidudu cha nimonia nacho kina ukuta. Kikikua, hubomoa kidogo, huongeza, kisha huziba. Kikitaka kuwa viwili, hujenga ukuta wa kati, kama huu. Dawa inakizuia kuziba. Kinabomoa, hakizibi. Maji yanaingia, kinapasuka.”

“Yarabi! Na mjukuu wangu naye asije akapasuka!”

Nesi akacheka. “Miili yetu haina ukuta wa namna hiyo.”

“Basi siku tatu si vingekwisha vyote?”

“Vingine vimelala. Havijengi, havibomoi, dawa haiviwezi. Ukiacha mapema, vinaamka na kujenga upya. Na vile sugu ndivyo vinavyobaki kuzaana.”

Bi Mwanabaraka aliwawaza wote aliowagawia vidonge viwili viwili.

“Vidonge vya koponi virudishe zahanati,” nesi akasema.

Safari hii Bibi alichora mistari ishirini na mmoja kwa mkaa mlangoni. Kila kidonge kilipomezwa, alifuta mmoja. Mlango ulipobaki mtupu, Shamimu alikuwa juu ya lundo la matofali akiimba, na Mwinshehe akimfokea ashuke.

Nesi alifurahi. “Na lile kopo, Bibi?”

“Kopo? Nimeshalirudisha zamani! Wiki iliyopita, na vidonge vyake vyote.”

Mwinshehe akachungulia juu ya ukuta, shavu limevimba.

“Bi mkubwa, vile viwili vya jana vimenituliza jino. Niongezee vingine.”

Nesi Atuganile akanyoosha mkono.

Bi Mwanabaraka akamtazama Mwinshehe kama anayemchagulia tofali la kumrushia. Kisha akaingia ndani, akainama uvunguni.