Nadhiri ya Chiriku

Kila likizo ilipofika, Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kuongea.

Si utani. Baba yake alikuwa mchimba visima, na mchimba visima akishashuka chini lazima juu abaki mtu wa kumsemesha. Mjomba, yaani kaka yake mama, ndiye aliyevuta kamba na kumwaga udongo. Chiriku aliketi karibu na mdomo wa kisima, chini ya kivuli cha turubai, akamwaga maneno. Alimsimulia baba habari za shule, za majirani, za paka aliyeiba samaki akakimbia na sufuria nzima. Kila baada ya maneno mawili matatu, baba aliitika kutoka chini, "Enhe!" au, "Acha uongo wewe!"

"Chini huku kuna hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu," baba alimweleza tangu alipokuwa mdogo. "Ikikuingia, husikii maumivu. Unaanza kuongea kama mlevi, halafu unalala, basi, ndiyo safari. Kwa hiyo mtu wa chini asemeshwe. Akianza kujibu ovyo, mvuteni kabla hajaanguka."

Jina la Chiriku alipewa na mama. Jina lake la shuleni lilijulikana na mwalimu peke yake. "Nyumba ikiwa kimya," mama alizoea kusema, "najua mwanangu amelala au amevunja kitu."

Lakini mwaka huo mambo yalikwenda kombo. Mvua ziligoma, visima vya mtaa mzima vikakauka, na mama akalazwa hospitali. Figo zake zilikuwa zimechoka. Uso wake ulivimba, midomo ikakauka, na wauguzi walimpimia maji kidogo kidogo kwa kikombe kwa sababu mwili wake haukuweza tena kuyatoa. Siku moja daktari alimwita baba pembeni. Chiriku alimsikia akisema, "Tunafanya tunaloweza." Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba watu wazima husema hivyo pale wanapobakiwa na kidogo cha kufanya.

Siku hiyo hiyo, kwenye benchi la ukumbini, bibi mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa wake alimwona Chiriku akilia.

"Nyamaza, mjukuu wangu," alisema. "Mwanangu alipougua, nilimwahidi Mungu kwamba nitaacha kitu nikipendacho kuliko vyote. Nikaacha sukari. Mpaka leo chai yangu ni chungu kama shubiri, na mwanangu ni mzima, ana watoto."

Bibi alisema kwa nia njema. Ila Chiriku aliyachukua maneno hayo akaenda nayo nyumbani kama dawa. Yeye alipenda nini kuliko vyote? Hakuhitaji kufikiri. Jioni ile alipiga magoti kando ya kitanda cha mama kilichokuwa kitupu, akasema: "Mungu, sitasema neno hata moja mpaka mama apone. Nikisema, basi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho.

Watu hawakuelewa. Majirani walidhani ana kiburi. Mjomba alimpa pipi, akamtania, akajifanya kuteleza kwenye ngazi ili acheke. Wapi! Walipokwenda hospitali, Chiriku alishika mkono wa mama na kumtazama tu. Mama naye alimtazama, akangoja, kisha akageuza uso ukutani. Chiriku aliumia moyoni, lakini alijiambia, "Vumilia. Hiki ndicho kinachomponya."

"Mwache," baba alimwambia mjomba. "Kila mtu ana namna yake ya kulia."

Wiki ile walikuwa wakichimbua kisima cha zamani nyuma ya duka la mikate. Maji yalikuwa yameshuka, na mwenye duka alitaka wayafuate huko yalikokwenda. Asubuhi mjomba aliteremsha mshumaa ndani ya kopo hadi chini. Uliendelea kuwaka vizuri, ishara kwamba hewa ilikuwa salama. Baba alifunga kamba kiunoni, akamtazama binti yake.

"Leo utanisimulia nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa.

Baba alishusha pumzi. "Haya. Kama maneno yamekwisha, chukua debe lile. Ukiligonga mara tatu, nami nitagonga sururu kwenye jiwe mara tatu. Tutajuana hivyo."

"Shemeji," mjomba alisema, "debe halina ulimi."

"Najua. Lakini nitamlazimishaje mtoto aliyeumia?"

Asubuhi ilipita salama. Debe liligongwa, sururu ikajibu. Mchana baba alipanda juu, wakala na kupumzika. Alipotaka kushuka tena, mjomba alinyoosha mkono kuchukua mshumaa.

"Acha," baba alisema. "Asubuhi si uliwaka? Nataka tumalize mapema, tuwahi saa ya kuwaona wagonjwa." Akashuka.

Haraka haraka haina baraka, na wote watatu waliijua methali hiyo.

Mjomba alivuta ndoo chache za udongo, akaujaza kwenye toroli na kulisukuma nje ya lango kwenda kumwaga. Ndani ya duka mashine ya kukandia unga ilinguruma. Chiriku aligonga debe: moja, mbili, tatu. Chini, sururu ikajibu mara tatu.

Akangoja, akagonga tena. Sururu ikajibu mara moja.

Pengine hakusikia vizuri, aliwaza. Akagonga kwa nguvu zaidi. Safari hii sururu iligonga ovyo, mara nyingi, bila mpango, kisha ikanyamaza. Chiriku alichungulia. Aliona giza, na kamba ikining'inia.

Alipiga debe kwa mikono miwili. Mwoka mikate mmoja alichungulia dirishani, unga hadi kwenye nyusi, akacheka. "Leo kuna ngoma hapa!" akasema, akarudi kazini. Chiriku alikimbilia langoni akampungia mjomba mikono. Mjomba alikuwa mbali, toroli limemkwamia kwenye shimo la barabarani. "Nakuja, nakuja!" alijibu. "Mwambie shemeji asiwe na haraka!"

Akarudi kisimani mbio. Alijua la kufanya, na ndilo alilojikataza yeye mwenyewe. Akifungua kinywa, mama atakufa. Asipofungua, hajui chini kuna nini. Labda baba amekaa tu, anapumzika. Labda ameinamia jiwe. Alisimama pale, amejiziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka. Hakuna mtoto anayestahili kuwekwa kwenye mizani kama ile. Na kweli hakuna aliyemweka hapo isipokuwa yeye mwenyewe.

Akaondoa mkono. "Baba!"

Kimya. Kisha kutoka chini ikaja sauti nzito, ya kuburuta, kama ya mtu aliyelewa.

"Mama Chiriku... zima taa... tulale."

Chiriku aligeukia lango. Akapiga kelele ambazo hajawahi kupiga maishani mwake. "Mjomba! Mjomba! Baba anakufa! Hewa mbaya! Njooni jamani!"

Mjomba alitupa toroli. Waoka mikate walitoka mbio na aproni zao. Walishika kamba, wakavuta, lakini mwili wa baba ulikuwa mzito na ulikwama kwenye ukuta wa kisima. Kijana yule aliyecheka dirishani alivua viatu. "Nishusheni nikamkwamue!"

"Usishuke!" Chiriku alimng'ang'ania shati. "Utalala naye huko! Vuteni tu! Baba, amka! Baba, sukuma ukuta kwa mguu! Unanisikia? Mguu, baba!"

Haijulikani kama baba alisikia maneno au sauti tu. Lakini alitupa mguu, akabanduka ukutani, na kamba ikapanda. Walimtoa akiwa na rangi ya jivu, macho nusu wazi. Wakamlaza penye upepo, wakamfungua shati. Kwa muda Chiriku hakuona kifua kikiinuka. Halafu baba alikohoa, akatapika, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo.

Watu walishangilia. Chiriku aliketi chini kwenye udongo. Alikuwa na baba, na moyoni aliamini kwamba amekwisha kumuua mama.

Walimpeleka baba kwenye hospitali ile ile. Alipokwisha kutiwa oksijeni na kulala, mjomba alimchukua Chiriku hadi wodi ya mama. Chiriku alisimama mlangoni. Mama alikuwa hai. Alifumbua macho.

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

Mama alitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Marahaba. Kumbe ulimi ungalipo! Nilidhani umeuuza sokoni." Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Njoo, niambie habari yoyote. Hata ya uongo. Hapa wananinyima maji, sawa, ni maradhi. Lakini kelele zako nilizitamani kuliko hayo maji."

Chiriku aliongea mpaka muuguzi alipowafukuza. Alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Baba aliruhusiwa kutoka hospitali. Nyumbani waliomba kwa pamoja kila jioni, baba, mjomba na Chiriku, wamepiga magoti kwenye jamvi moja. Waliomba mama apone, waliomba kwa machozi.

Mama hakupona. Alifariki alfajiri moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Msibani watu walisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Chiriku aliposikia hivyo alitaka kuziba masikio. Yeye alimjua mwenye makosa. Akanyamaza tena, na safari hii hakumwahidi mtu yeyote. Maneno yaligoma tu kutoka.

Kisima kile kilikuwa bado hakijaisha, na mtaa ulikuwa bado hauna maji. Baada ya matanga, baba alichukua sururu yake. Waliketi kando ya kisima, mjomba akitengeneza kamba, ndipo Chiriku aliposhindwa kujizuia.

"Baba, mimi ndiye niliyemuua mama." Akamweleza yote: bibi wa ukumbini, sukari, nadhiri, na lile neno alilolitamka kisimani. "Ningenyamaza, mama angepona."

Baba aliweka sururu chini. Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha.

"Na mimi ningekuwa wapi?" aliuliza hatimaye.

Chiriku alitazama mdomo wa kisima.

"Mwanangu, nisikilize. Mungu si mchuuzi. Hakai juu huko na mizani, huku anaweka mama, huku anaweka ulimi wa mtoto. Mama yako hakufa kwa sababu ulisema, na mimi sikupona kwa bei yake. Kwa nini yeye amekwenda na mimi nimebaki? Sijui. Usiku na mchana namwuliza Mungu, na bado sijajibiwa. Mungu hapangiwi, wala hanunuliwi."

"Sasa kuomba kuna faida gani?" Chiriku alilia.

Baba alionyesha kisima kwa kidole. "Nikiwa chini mle, naona kipande cha anga kama sahani. Mjomba wako simwoni. Nisichokiona ni kingi kuliko ninachokiona. Lakini najua kamba ina mwenyewe, ndiyo maana naweza kufanya kazi gizani. Sijawahi kumpa hongo mjomba wako ili asiniachie."

"Ukinipa sitakataa," mjomba alisema, akifuta macho kwa mkono wa shati.

Baba alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Kumtegemea Mungu ni hivyo. Ni kujua kwamba kamba iko mikononi mwake, hata siku ambayo giza halina maelezo. Na ukishamwachia yaliyo yake, fanya yaliyo yako. Mimi yangu ilikuwa kuteremsha mshumaa, nikaacha kwa haraka zangu. Kosa lile ni langu. Yako ilikuwa kuongea. Sauti hiyo amekupa yeye. Ulitaka kumrudishia, kumbe mama yako aliihitaji kitandani, na mimi niliihitaji shimoni. Siku nyingine ukiwa na hofu, usifanye biashara na Mungu kimya kimya. Mwambie yeye unaogopa, na utuambie na sisi."

Chiriku aliegemea bega la baba, akalia kilio alichokuwa amekifungia tangu siku ya nadhiri. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha mjomba aliwasha mshumaa, akauteremsha. Wote watatu waliutazama ukiwaka kule chini. Baba alifunga kamba kiunoni, akaijaribu mara mbili, akashuka taratibu mpaka akamezwa na giza.

Chiriku alisogea karibu na mdomo wa kisima.

"Baba?"

"Naam!"

"Leo nitakusimulia habari za mama."

Chini pakawa kimya kidogo. Mjomba akakaza kamba mikononi.

"Enhe," baba aliitika, na sauti yake ilikuwa imenyooka.