Nipe Mji, Husni

Soko la Gitega lilikuwa limefurika mpaka kwenye njia za miguu. Katikati ya wauza vitambaa alisimama msichana aliyejigubika kitambaa cheusi kuanzia utosini mpaka kiunoni, hatikisiki, kama kochi lililofunikwa lisipate vumbi.

"We dada," sauti ya kiume ikamwambia, "unanunua hiyo kitambaa ama unajificha?"

"Naangalia kama jua linapita," akajibu kutoka ndani.

"Na linapita?"

"Linapita. Nakuona mpaka meno."

Akajifunua. Mbele yake alikuwa kijana mrefu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kijana naye aliona ushungi wa rangi ya zambarau, kitenge chenye ndege wa manjano, na macho mawili yasiyotulia mahali pamoja. Akasahau kilichomleta sokoni.

"Mi naitwa Husni. Niko fundi wa makochi, natoka Muyinga. Nguo na mbao ndiyo kazi yangu. Sema unataka kufunika nini."

"Madirisha mawili. Chumba kiwe giza kabisa, mchana kama usiku. Na dirisha lisiguswe na msumari, wala gundi, wala lisipate mkwaruzo."

"Heh! Na ndani ya hiyo giza unaweka nini?"

Msichana, jina lake Kulthumu, akacheka tu.

Chumba chenyewe kilikuwa Mushasha, mtaa wa hapohapo Gitega, nyuma ya nyumba ya Mama Kasilda, mjane aliyekulia Tanzania na kurudi na mumewe, Thomas. Thomas ndiye aliyetia madirisha yale kwa mkono wake, vioo vya maua maua, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kila Jumamosi Mama Kasilda aliyapangusa kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemfuta mtu uso.

"Msumari hapana," alimwambia Kulthumu siku ya kumpa ufunguo. "Gundi hapana. Na kioo kikipasuka, binti yangu, nakupenda, lakini utaondoka na vyako."

Husni alikuja kupima siku ileile ya sokoni. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, kinanuka chokaa. Alipima kwa uzi, akifunga fundo kila alipofika pembe, huku Kulthumu akizunguka nyuma yake, mara yuko mlangoni, mara dirishani.

"We msichana, kaa chini kidogo, unanichosha macho. Sikiliza. Usibandike kamwe kitu cheusi kwenye kioo. Cheusi inakunywa jua, kioo inapata homa, inapasuka. Mi nitachonga fremu ya mbao nyepesi, ndogo kidogo kuliko dirisha. Pembeni nazungushia blanketi kuukuu, inaingia kwa kubana kama kizibo kwenye chupa. Kitambaa cheusi inaangalia chumba, nyeupe inaangalia jua. Halafu tunaacha vidole viwili kati ya nguo na kioo, ipumue. Siku ukiichoka unaivuta, dirisha inabaki kama ulivyoikuta."

"Lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo. Mbao yangu iko Gasorwe." Akakunja uzi wenye mafundo, akautia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kulthumu aliona upande aliouchagua, akajifanya hakuona.

Simu zikaanza siku iliyofuata.

"Alo, malkia wa giza. Niambie basi, ndani mnaweka nini?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina watoto mia mbili, wanalala chumba kimoja, hawana macho na bado wanalikimbia jua."

"Popo!"

"Popo ana macho. Umeshindwa. Nipe mji."

Ndivyo wanavyocheza: anayeshindwa hutoa mji, na aliyeupokea husimulia alivyofika huko, akala, akanywa, ndipo hutoa jibu.

"Chukua Ngozi."

"Siutaki. Ngozi sina mtu."

Kesho yake alikisia vifaranga walio ndani ya mayai, akatoa Rumonge, ukakataliwa. Siku ya tatu akapiga akiwa na uhakika mpaka sauti imepanda. "Ndizi! Ndizi za kuivishia urwarwa! Mais bien sûr, kweli kabisa, zinafukiwa gizani!"

"Mimi Kulthumu, nipike pombe? Mwogope Mungu, Husni. Nipe mji."

"Kayanza."

"Mbona Muyinga hunipi?"

"Muyinga iko mama," akasema taratibu. "Muyinga mi simpi mtu kwa mchezo."

Kulthumu hakuweza kukaa baada ya maneno yale. Alifagia uani mara mbili.

Ukweli angeweza kumwambia. Alikuwa anaotesha uyoga. Mwaka uliopita aliuotesha nyuma ya nyumba ya baba yake mdogo, majirani wakasema uyoga unaoota bila mvua si wa Mungu, wateja wakamkimbia na mifuko ikamwagwa shimoni. Akajifunza kufunga mdomo. Na Husni je? Akicheka? Kitendawili kilikuwa kitamu, na nyuma ya utamu ule kulikuwa na mahali pa kujificha.

Jumanne mbegu ilikuja kabla ya siku yake. Kulthumu akajaza mifuko mia mbili ya majani ya maharage na pumba, akaipanga chumbani. Wiki tatu za kwanza uyoga unataka giza, nyuzi zake nyeupe zitambae ndani ya mfuko kwa utulivu. Fremu hazijafika. Akatundika mashuka meupe ya mama yake kwenye waya wa pazia.

Saa hiyohiyo Jeska, anayeuza sabuni karibu na bomba na kupeleka habari bure, akachungulia ukutani.

"Kulthumu we! Mashuka meupe dirishani, kuna nini?"

Ulimi ukatangulia. "Kuna bibi arusi. Anafichwa mpaka siku ya kufunuliwa. Tafadhali usimwambie mtu."

Ukimwambia Jeska hivyo, ni kama umepanda juu ya paa ukatangaza.

Alhamisi Kulthumu alikwenda Gishubi kuongeza pumba. Alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Fremu hakuna. Akapiga simu.

"Alo, Husni? Mbona hukuja, wangu?"

"Nilikuja." Sauti ilikuwa kavu kama ya mtu mwingine. "Félicitations, Kulthumu."

Ikakatika. Akapiga tena. Akapiga mara sita. Husni alikuwa ameifungia namba yake.

Hongera ya nini? Ijumaa alilizungusha neno hilo kama punje ya mchanga chini ya jino. Aliweka chai, akaisahau mpaka ikapoa. Alitoka mpaka barabarani, akarudi, akatoka tena. Mashuka nayo yalikuwa yanapitisha mwanga kama chujio, na Jumamosi alipoinama na kuona mifuko iliyo karibu na dirisha imepata joto na nyuzi zake changa zimeanza kusinyaa, akili ikamruka. Akanunua plastiki nyeusi, akaikandamiza kwenye kioo, akaizungushia skochi, ule utepe wa gundi, pande zote nne.

"Tutaona kama nahitaji fundi," akasema peke yake.

Jua la saa tisa lilipiga upande ule. Kioo kikalia *taa!* na ufa ukakimbia kutoka pembe moja hadi nyingine, katikati ya maua.

Wa kwanza kufika alikuwa Jeska. "Nini imepasuka? Bibi arusi ameumia?"

"Hakuna bibi arusi, Jeska!"

"Eh! Na mi nilimwambia yule fundi!"

"Fundi gani?"

"Mrefu, wa kofia. Alhamisi alisimama kwenye lango na mbao zake, mama mwenye nyumba alikuwa kanisani. Akauliza hizo shuka ni za nini. Nikamwambia ndani wanaficha bibi arusi. Akauliza, Kulthumu? Nikamwambia, sasa nani mwingine, si ni yeye anaishi pale? Akageuza baiskeli."

Kulthumu akakaa chini, palepale kwenye udongo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kukaa.

Mama Kasilda alirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Aliutazama ufa kwa muda mrefu. Alipitisha kidole hewani, akiufuata ufa bila kuugusa.

"Nakupa mpaka Jumatano," akasema. "Kioo kama hiki, cha maua haya. La sivyo utoe mifuko yako."

"Mama, ikitolewa nje juani inakufa."

"Najua, binti yangu. Na Thomas wangu alishakufa mara moja, sitaki afe tena."

Jumapili asubuhi Kulthumu alifunga mfuko mmoja ndani ya kitenge, akaukumbatia kama mtoto, akapanda basi la kupitia Karuzi, na saa nne alikuwa anauliza njia Muyinga. Karakana aliijua kwa fremu mbili zilizoegemezwa mlangoni, nyeusi upande mmoja, nyeupe upande mwingine, zimezungushiwa blanketi la bluu. Hakuwa amezitupa.

Husni alikuwa anapigilia misumari mguu wa kochi. Alimwona, akaendelea kupiga, akakosea, akajipiga kidole.

"Bibi arusi anatembea peke yake siku hizi?"

"Bibi arusi nimembeba," Kulthumu akajibu.

"Sina mchezo leo. Kama ni kitendawili, nimeshindwa. Na miji imeniishia."

"Husni!" Mama yake, Fatouma, alitokea na ufagio mkononi. "Mgeni anasimama juani, we unapigana na kochi? Mpe kiti! Karibu, mwanangu. Huyu ndiye wa uzi?"

"Uzi gani, mama?" Kulthumu akauliza.

"Wa mafundo. Tangu Alhamisi analala nao, kama mtu mwenye tasbihi."

"Mama!" Husni alilalama.

Kulthumu alikunjua kitenge. Ndani mfuko ulikuwa umeanza kuwa mweupe, nyuzi juu ya nyuzi, kama shela lililolowa likagandana.

"Ni pamba?" Husni akauliza, nyundo imening'inia.

"Ni uyoga. Ndio wale watoto mia mbili, wote wamevaa hivi. Ndiye bibi arusi aliyekwambia Jeska. Nilimdanganya yeye ili asichungulie, nikakuponza wewe." Akamweleza ya mwaka jana, mifuko shimoni, wateja waliokimbia. "Kwako nilikaa kimya kwa sababu niliogopa utacheka."

"Nimecheka?"

"Bado."

"Mi nilibeba hizo fremu mpaka Gitega, Kulthumu. Nikazirudisha. Unajua mtu anajisikia vipi akirudisha fremu za dirisha la mwanamke ambaye ameshaolewa?"

"Na wewe ulisimama kwenye lango langu, ukamwamini Jeska wa bombani. Uligonga?"

Husni akatazama kidole chake kilichovimba. "Sikugonga."

"Basi."

"Basi," akasema naye. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Watoto mia mbili... hawana macho... Na mi nikasema popo!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na Kulthumu akacheka na machozi yanatoka, yote kwa pamoja, hajui kipi ni kipi.

Mama Fatouma hakucheka sana. Alipokwisha kusikia habari ya kioo cha Thomas, aliingia ndani. Kukasikika vikombe vinatolewa, sahani zinapangwa chini. Akatoka na mlango wa kabati la vyombo, wa kioo cha maua maua.

"Mama, hiyo ni ya arusi yako," Husni alisema.

"Vyombo vyangu vinaweza kuonekana, havina aibu. Huyo mjane hana picha nyingine ya mume wake. Kata. Ila huo mfuko muniachie, nione kama kweli unaota bila mvua."

Siku ya Jumatano Husni alitia kioo kipya kwa mikono yake. Mama Kasilda aliweka kiganja juu yake.

"Maua yake makubwa kidogo. Thomas angenung'unika." Akakipangusa kwa ncha ya khanga. "Lakini angekitia."

Fremu ziliingia kwa kubana, bila msumari, bila gundi, na chumba kikazama gizani taratibu kama mtu anayefumba macho. Skochi iliyobaki kwenye rangi ya dirisha Kulthumu aliitoa mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na mafuta ya kula, kidogo kidogo, hata rangi haikuchubuka.

Zilipokwisha wiki za giza, Husni akarudi kutoka Muyinga kuzivuta fremu. Jeska alikuwa amefanya kazi yake. Bombani kote ilijulikana kwamba leo ndiyo leo, ndiyo *gutwikurura*, bibi arusi anafunuliwa. Uani walijaa wanawake wa mtaa kwa vitenge vyao vya sherehe, mmoja na kikapu cha maharage kabisa. Kulthumu alipowaona miguu ikataka kukimbia.

"Waambie ukweli," Husni alimnong'oneza. "Wakikimbia, uyoga wote nanunua mi."

Akavuta fremu ya kwanza, akavuta ya pili. Mwanga ukaingia kupitia maua ya Thomas na ua la Muyinga, ukaanguka juu ya safu za mifuko myeupe. Wanawake wakasogea. Aliyeshika kikapu akanusa.

"Ni uyoga," Kulthumu alisema. "Nimeuotesha mimi. Hakuna uchawi. Ni pumba, maji na giza."

Kisha Jeska: "Na unauza lini? Isiwe unawapa wa hotelini peke yao!"

Simu ya Husni ikalia. Sauti ya mama yake ikajaa ua mzima.

"Alo! Husni! Ule mfuko umetoa masikio! Makubwa kama ya mjomba wako! Huyo binti anakuja lini kuyavuna? Mi siyagusi, mwenyewe aje!"

Husni akaizima taratibu. Ua mzima ulikuwa unamtazama. Kofia yake ilikuwa imekaa upande, hakuirekebisha.

"Kulthumu. Jibu ulinionyesha bure, mi sikutoa mji."

"Hukutoa."

"Bado unautaka?"

"Nipe mji, Husni."

"Nakupa Muyinga."

Kulthumu akashika ncha ya ushungi wake wa zambarau. Macho yake, yaliyokuwa yakihangaika tangu sokoni, yakatua mahali pamoja, yakabaki hapo.

"Nilikwenda Muyinga," alianza kama ilivyo desturi. "Nikapewa kiti. Nikaitwa mwanangu. Nikapewa na kioo cha kabati."

"Na jibu?" Jeska akapiga kelele. "Sema jibu, tunachoka kusimama!"

"Jibu," Kulthumu akasema, "ndiyo."