Alichagua Januari

"We Upendo, mashini imemaliza zamani. Mbona bado umeshika hayo makaratasi?"

Upendo aliendelea kusoma. Kadidja, mwenye ile sekretariati ndogo ya Gitega ambako Upendo alikuwa akitoa fotokopi, alisogea karibu.

"Si ni barua ya shemeji ya Uholanzi?"

"Ndiyo yenyewe."

Asubuhi Elikana, mchumba wake, alikuwa amemwandikia kwenye simu kutoka kwao Mwakiro, mkoani Muyinga: "Mpenzi, nitolee nakala mbili za hii barua, za kuombea viza. Napita saa nane." Alikuwa amemaliza udaktari wake wa kompyuta, na chuo kimoja kilimpa miaka miwili ya utafiti: kutengeneza mashine zinazoiga ubongo wa mtu. Lakini kwa kukosea hakutuma barua pekee. Alituma mazungumzo yote, na Kiingereza cha sekondari ya kambi ya wakimbizi Tanzania kilimtosha Upendo kuyasoma.

Profesa aliandika: "Najua mchumba wako yuko msibani. Anza Januari, au Septemba uje naye. Nafasi ni yako."

Elikana akajibu: "Nachagua Januari. Nitakuja peke yangu. Uchumba ule umekwisha."

Baba yake Upendo, mzee Venansi, alizikwa Ryansoro mwezi wa saba. Mpaka mwaka utimie na familia iganduke, yaani itoke msibani, hakuna harusi. Elikana alikuwa amemwambia kwa machozi: "Nimewaomba wanisubiri, wamekataa." Ndipo Upendo akaenda kuwapigia magoti baba zake wadogo, wakiondoe kilio mapema. Mmoja alimuuliza kama amemchoka baba yake.

Saa nane Elikana aliingia, shati limenyooka, vumbi la Muyinga kwenye viatu.

"Mama Kadidja, habari ya kazi?"

"Iko tu," Kadidja alisema, akajifanya anahesabu karatasi.

"Nina habari," Upendo alisema. "Baba wadogo wamekubali. Tunaganduka Jumamosi. Harusi Desemba, twende wote."

Elikana alikaa kwenye benchi kabla ya kuambiwa akae.

"Wamekubali?"

"Hufurahi?"

"Nafurahi. Ila... si vizuri kumharakisha mzee."

"Mzee amelala, Elikana. Mwenye haraka ni wewe."

Akamkabidhi makaratasi. Elikana aliona ukurasa wa pili, uso ukamshuka.

"Upendo, ngoja nikueleze."

"Eleza."

Aliukunja ukurasa, akaukunjua tena.

"Nilijua baba zako wadogo watakataa," alisema mwishowe. "Mila ni mila. Nilidhani ingekuumiza kidogo kuliko kukuambia mimi."

"Kwa hiyo ulitaka baba yangu aniambie. Akiwa kaburini."

"Sikutaka uumie."

"Siku ile tumekwenda Mutoyi, uliniambia njia za ubongo zisipopitiwa na kitu zinafifia zenyewe. Nikafurahi, nikasema nimepata msomi. Kumbe ulikuwa unangoja nififie."

"Nilikupenda, Upendo."

"Lini? Nitajie mwezi."

Kadidja aliacha kuhesabu.

"Daktari," alisema polepole, "we umesoma ubongo, moyo umeacha kwa nani? Chukua papye zako, makaratasi yako haya. Watu iko wanangoja."

"Nimetoa nakala tatu," Upendo alisema. "Mbili zako. Moja nabaki nayo, nikisahau niisome."

Elikana alitoka. Mlangoni aligeuka, kama mtu aliyeacha mwavuli, halafu akaenda.

Upendo alichukua simu akamwandikia Kastori, mkubwa wa baba zake wadogo.

"Baba mdogo, shikamoo. Ganduka irudi mwezi wa saba, kama ilivyokuwa."

Jibu lilikuja upesi. "Na harusi, mwanangu?"

"Hakuna harusi."

Upendo akaweka karatasi nyingine kwenye mashine, akazitoa, kisha akamwandikia tena baba mdogo.

"Ukipita kaburini, mwambie baba nilimharakisha bure. Mwambie akae mwaka wake wote. Na mimi nakaa naye."