Chumvi Isiyotaka Maji

Jasho ndilo lililokatika kwanza. Digrii, kama walivyombatiza kiwandani, alishinda mbele ya tanuri akikausha bromidi ya lanthani, chumvi ya madini adimu, na kwapa zake zikabaki kavu kama karatasi. Hakujali. Ukishatuma maombi ya kazi miaka yote ukijibiwa "we'll get back to you", unajali nini tena? Alikuwa kwenye majaribio. Chumvi ikitoka safi, anaajiriwa. Ikibaki na unyevu hata chembe, inageuka chokaa isiyoyeyuka, naye anarudi kwenye kochi la shemeji kupimiwa sukari ya chai.

Mara mbili ikawa chokaa. Ya tatu ilitoka na ukungu. Akaitia kwenye chupa, akaihamishia kwenye boksi la kioo lililojaa gesi kavu, akaingiza mikono katika zile glavu ndefu zilizofungwa ubavuni mwa boksi, na mle ndani ya glavu akakuta vidole vingine. Vya baridi. Vikafumana na vyake polepole, kama vya mchumba. Harufu ya kisima kilichokauka ikampanda puani. Ndani ya chupa, ukungu ukaanza kutoweka.

Hakupiga kelele. Alitazama tu.

"Dada, toa mikono," fundi wa tanuri alinong'ona nyuma yake.

"Inakauka, kaka. Ona! Pure kabisa."

"Jini hilo, linakunywa. Aliyekuwa hapa kabla yako naye aliacha kutoka jasho. Tulimzika mwepesi kama kikapu. Fungua boksi, hewa iingie, litatoka."

"Na chumvi?"

"Itaharibika."

"Halafu utaniajiri wewe?"

Fundi akanyoosha mkono kwenye kitasa cha boksi, Digrii akamsukuma kwa kiwiko, na mle ndani kitu kikaanza kumeza, funda baada ya funda, bila haraka, huku yeye akisikia mate yakimwisha, machozi yakimwisha, ulimi ukigeuka kipande cha ngozi mdomoni, na hata woga, alioungoja kwa adabu zote kama anayengoja interview, haukuja.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Bosi akaingia, akainama, akaitazama chumvi inayong'aa kama kioo.

"Hongera, binti. Kazi umepata. Mbona hufurahi?"

Digrii akatabasamu. Mdomo wa chini ukapasuka katikati.

Haikutoka damu.