Jina la Bahizire

Kila Alhamisi, Merveille akishavua koti na kumaliza wali wake, meza ya jikoni iligeuka ofisi. Majirani wa jengo lao pale mtaa wa Frogtown, Amerika, walikuja mmoja mmoja na bahasha zao: barua ya bima, barua ya mwenye nyumba, fomu ya chakula cha shuleni. Merveille alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini hapo mezani hata wazee walimwita karani wetu. Alisoma Kiingereza, akawaeleza kwa Kiswahili, kisha akajaza fomu kwa mwandiko safi. Hakuna fomu yake hata moja iliyowahi kurudishwa, na jambo hilo lilimtia kiburi.

Alikuwa na kanuni moja: hakuna kuacha nafasi tupu. Kanuni hiyo alitoka nayo kambi ya wakimbizi, Uganda. Huko baba yake aliruka mstari mmoja, faili likarudishwa, na familia nzima ikangoja miezi kumi na minne zaidi chini ya turubai. Tangu siku hiyo, nyumbani kwao nafasi tupu iliogopwa kuliko nyoka.

Alhamisi moja ya baridi kali, Mama Ernestine wa mlango wa pili alikuja akiwa wa mwisho, bila bahasha. Alikuwa mjane, mfuaji wa nguo katika nyumba ya wazee kule Roseville, na maneno yake yalikuwa machache. Alitazama kwanza kama mlango umefungwa, kisha akatoa simu yake.

"Mwanangu, kuna mtandao wa Wakristo wanaotafuta wenzi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimechoka kula peke yangu. Nijazie, lakini usinicheke."

Merveille hakucheka. Walijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na nambari ya simu. Walipofika kwenye nafasi ya watoto, Mama Ernestine alimshika mkono.

"Hapo ni lazima?" aliuliza.

Pembeni ya nafasi ile palikuwa na maneno madogo ya rangi ya kijivu. Yalisema si lazima, na Merveille aliyaona. Lakini rafiki yake alikuwa akimngoja nje, na zaidi ya hayo, nafasi tupu ilimkera.

"Ni lazima, Mama," alijibu.

Mama Ernestine alishusha pumzi. "Basi andika. Mmoja, Bahizire, miaka minne. Tulipokimbia vita mwaka wa tisini na sita, aliniponyoka mkononi darajani, watu walikuwa wengi. Sikumwona tena." Alipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu wowote. "Jina hilo sijalitaja mbele ya mtu hapa Amerika. Sasa tunalijua watatu: mimi, wewe na Mungu."

Merveille aliandika yote, bila kuacha neno, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Theluji ilipoyeyuka, Jumapili moja baada ya ibada, Kendi alimvuta Merveille pembeni. Kendi alikuwa msichana wa Kikenya waliyesali naye kanisa moja, na simu haikumtoka mkononi.

"Cheki hii," alisema. "Kuna dating site ya Wakristo ime-hackiwa. Wezi wamemwaga kila kitu online, majina, namba za simu, stori zao zote. Hebu tu-search watu wa huku kwetu."

Wezi wa siku hizi hawavunji dirisha. Hukaa mbali, wakaiba maisha ya mtu, kisha wakayaanika mbele ya dunia kama nguo za ndani. Kendi aliandika namba ya posta ya mtaa wao huku akicheka. Katikati ya majina ya wageni, Merveille aliliona jina la Ernestine, nambari yake ya simu, na chini yake maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe juu ya mtoto, vita na daraja.

"Unamjua huyu?" Kendi aliuliza.

"Hapana," Merveille alijibu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Alijiambia kwamba Mama Ernestine hasomi Kiingereza, hivyo hatajua kamwe.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Mama Ernestine alikuja wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na machozi yalimtiririka huku anacheka.

"Nisomee, mwanangu. Nimeliona jina lake, mengine sikuyaelewa."

Merveille alipokea simu, akasoma ujumbe ule wa Kiingereza kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kwa Kiswahili: "Mama, mimi ni Bahizire. Sikufa. Niko Kampala, polisi wamenikamata kwa kukosa karatasi. Tuma dola mia tisa leo. Usimwambie mtu."

Mama yake Merveille aliacha mwiko ndani ya chungu, akaja kumkumbatia jirani yake.

"Yuko hai," Mama Ernestine alisema. "Miaka ishirini namlilia, kumbe yuko hai. Nani mwingine angelijua jina hilo? Mimi, wewe na Mungu, na wewe hukusema. Basi ni yeye." Alifungua mkoba, fedha zilikuwa tayari ndani. "Twende kule barabara ya University kabla duka la kutuma fedha halijafungwa. Utanijazia fomu yao."

Akinyamaza, mama huyu angenyonywa mpaka senti ya mwisho. Akisema, angemnyang'anya mtoto wake kwa mara ya pili. Aliogopa, aliona haya, na alitamani angekuwa mtu mwingine yeyote asiyejua kusoma.

"Mama, si yeye," alisema mwishowe. "Ule mtandao uliibiwa. Jina la Bahizire liko nje, kila mtu anaweza kulisoma. Niliona kanisani, nikanyamaza. Na ile nafasi ya watoto, nilikudanganya. Iliandikwa si lazima."

Mama Ernestine aliketi.

"Labda ni yeye," alisema.

"Muulize jambo ambalo hukuliandika," mama yake Merveille alimshauri kwa upole. "Muulize jina la baba yake."

Merveille aliandika swali. Jibu halikuchelewa: John. Mama hakuna wakati, tuma fedha.

"Mume wangu aliitwa Mugisho," Mama Ernestine alisema. Akafunga mkoba, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mama yake Merveille alimpeleka Mama Ernestine polisi kutoa taarifa. Walibadilisha nambari ya simu na kuifuta akaunti ile. Fedha zilisalimika, ila jina halikurudi ndani, maana maji yakimwagika hayazoleki. Alhamisi tatu zilipita, na Mama Ernestine hakubisha hodi.

Alhamisi ya nne alikuja na fomu ya kliniki. Merveille alisimama, akaomba msamaha huku analia.

"Keti," Mama Ernestine alisema. "Wezi ni wezi, Mungu atawauliza. Wewe nilikukasirikia kwa neno moja tu, lazima. Asiyejua kusoma huona kwa macho ya anayemsomea. Ukimdanganya, umempofusha. Na shika hili pia: si kila anayekuuliza anastahili jibu, hata akikuwekea nafasi ya kuandika. Nimekusamehe. Lakini usinisomee tena."

Merveille aliinamisha kichwa.

"Nifundishe nisome mwenyewe," mama yule aliendelea, akasogeza fomu katikati ya meza. "Anza na yale maneno madogo. Nionyeshe palipoandikwa si lazima."

Merveille alimwonyesha kwa kidole. Mama Ernestine aliyatamka polepole, mara tatu, kisha akachukua kalamu mkononi mwa Merveille. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda. Alipofika kwenye nafasi ya watoto, alitazama pembeni, akayakuta maneno yale madogo, akayasoma mwenyewe. Akaiacha nafasi ile tupu.